Tone la oili lina kwao

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili iliyopita)



Wiki iliyopita niliahidi kuwa leo tutazungumzia bei ya mahindi. Naomba radhi, ahadi hiyo naisogeza mbele kwa wiki moja. Limetokea jambo nyumbani kwetu ambalo nadhani linawahusu wengi, hasa wale wanaotafuta gari kuukuu la kazi kwa fedha za jasho lao.

Dada yangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2024. Kiinua mgongo chake kilipotoka alinipigia simu. Akasema, "Mdogo wangu, nataka pikapu ya kubebea mboga kutoka Mgeta. Nimeoneshwa moja hapa Morogoro mjini. Injini yake inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, haina hata tone la oili. Njoo uione kabla dalali hajampa mtu mwingine."

Ndugu msikilizaji, dada alikuwa anafurahi, lakini mimi niliogopa. Na ili uelewe kwa nini niliogopa, hapana budi nikueleze aibu yangu ya mwaka 2014.

Mwaka huo mimi na mdogo wangu wa kiume tulinunua pikapu ya dizeli kwa shilingi milioni tisa. Milioni nne zilikuwa zangu, za mkopo. Milioni tano zilikuwa zake, na alizipata kwa kuuza kiwanja chake cha Kihonda. Mimi ndiye niliyetumwa kulikagua gari, kwa kuwa nyumbani kwetu wanaamini mtangazaji wa redio anajua kila kitu. Stashahada yangu ya uandishi wa habari haikuwa na somo la injini, lakini hilo sikuwaambia.

Nilifika, nikafunguliwa boneti. Injini ilikuwa imeoshwa, inanukia sabuni. Nikainama chini, sikuona tone. Nikachomoa stiki ya kupimia, nikaona oili imejaa, ina rangi ya asali. Nikaridhika. Tukatoa fedha, tukaandikiana, tukashikana mikono.

Wiki ya tatu tulikuwa tunapanda Mgeta tukiwa na shehena ya mbolea. Katikati ya mlima injini ikaanza kunguruma kwa nguvu huku gari halisogei. Klachi ilikuwa inateleza. Fundi wa kwanza alishusha giaboksi, akakuta sahani ya klachi imelowa oili ya injini. Akabadilisha sahani, akabadilisha na sili ya nyuma ya krankshafti. Tukalipa. Mwezi haujaisha, ikavuja tena pale pale. Akashusha giaboksi mara ya pili, akaweka sili nyingine. Tukalipa tena. Ikavuja.

Mara ya tatu tulikwenda kwa mzee mmoja fundi wa karibu na Msamvu. Yeye hakulala chini ya gari kama wenzake. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukatoka pale kwa kishindo kama mvuke wa birika. Akatutazama akasema, "Wanangu, mnabadilisha sili, kumbe ugonjwa uko kwenye ringi."

Maneno hayo yalitugharimu, lakini ndiyo yaliyonifungua macho. Alitueleza hivi. Ndani ya injini, moto hulipuka juu ya pistoni. Ringi za pistoni ndizo zinazouzuia mlipuko ule usishuke chini kwenye oili. Ringi zikichakaa, sehemu ya hewa ile ya moto hupenya na kushuka, na kule chini hujaa presha. Presha hiyo hutafuta pa kutokea. Isipopata njia ya kutosha, huisukuma oili nje kwenye kila sili iliyo dhaifu. Kwa hiyo ukiweka sili mpya umeziba dirisha wakati nyumba inaungua.

Gari lile tuliliuza kwa milioni tatu na nusu. Mdogo wangu hakunilaumu kwa maneno. Alinyamaza tu. Lakini mpaka leo tukipita Kihonda, pale kwenye kiwanja chake pana nyumba ya mtu mwingine, na mimi ndiye ninayegeuza uso.

Ndiyo maana nilimwambia dada, "Usitoe hata shilingi. Nakuja, na ninakuja na mdogo wetu."

Ndugu msikilizaji, yule mzee fundi niliendelea kumtembelea kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda chake na kuuliza maswali, kazi ambayo ndiyo niliyosomea. Naomba uchukue kalamu na karatasi, nikupe kwa kifupi niliyojifunza pale.

La kwanza. Gari kuukuu kuvuja oili si ajabu. Gasketi nyingi na sili nyingi ni za mpira au za karatasi ngumu. Mpira ukikaa kwenye joto miaka mingi hukakamaa kama kandambili iliyosahauliwa juani. Hauzibi tena. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, inavuja?" Uliza, "Inavuja wapi, na kwa nini?" Tone moja la oili laweza kuwa ugonjwa wa kulipia fedha ya soda, na tone jingine la namna hiyo hiyo likawa ugonjwa wa kuuza kiwanja.

La pili. Hakikisha kwanza kuwa kilichodondoka ni oili ya injini. Tandika boksi safi chini ya gari usiku kucha, asubuhi usome. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi kama masizi. Oili ya giaboksi na difu ina harufu kali, kama ya kiberiti, ukiinusa mara moja huisahau. Hidroliki ya usukani mara nyingi ni nyekundu. Mafuta ya breki ni mepesi, na yakimwagikia rangi ya gari huibabua. Maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani au mekundu, na yanateleza kidogo. Tazama pia boksi limelowa upande gani, mbele, katikati au nyuma, maana hapo ndipo utakapoanzia kutafuta.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Tone halidondoki pale lilipozaliwa. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Utaiona inaning'inia kwenye sampu, fundi mwenye haraka akuambie, "Gasketi ya sampu imekwisha," kumbe imetoka juu kabisa kwenye tapeti kava, ikateremka kwa nyuma ya injini mpaka chini. Kanuni ya mzee ilikuwa hii: tafuta mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipolowa. Hapo ndipo kwao. Pengine pote ni njia tu.

Kama injini yote imelowa na huoni mwanzo wala mwisho, ioshe, ikaushe, upake poda ya mtoto kwenye maeneo unayoyashuku, kisha liendeshe gari kilomita ishirini au thelathini. Ukirudi, oili itakuwa imechora mstari mweusi juu ya poda nyeupe. Ufuate mstari ule kwenda juu.

La nne ni kujua nyumba za oili, yaani zile sehemu ambazo hupenda kuvuja. Tuanze na za bei nafuu. Ipo tapeti kava, ile juu ya injini, gasketi yake hubadilishwa kwa muda mfupi. Ipo swichi ya presha ya oili, kidude kidogo chenye waya mmoja. Ipo filta ambayo haikukazwa, au iliyofungwa juu ya mpira wa filta ya zamani. Ipo nati ya kumwagia oili iliyoharibika meno kwa kukazwa kupita kiasi. Kwenye pikapu za Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1990, zile zenye injini ya 2L au 3L, tazama pia nyuma ya altaneta. Pale pana pampu ndogo ya kusaidia breki, nayo hulainishwa kwa oili ya injini kupitia mipira yake. Mipira ile ikichakaa huvuja, na watu wakadhani injini yote imekufa.

Halafu kuna zile zinazohitaji tahadhari. Mbele ya injini zipo sili za krankshafti na kamshafti. Kwenye injini hizo nilizozitaja, sili hizo zikivuja oili huweza kuufikia mkanda wa taiming, ambao ni wa mpira, na mpira na oili si marafiki. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo ukiona umande wa oili kwenye kava la mkanda, usiseme ni kitu kidogo.

Nyuma ya injini ipo ile sili iliyotutesa sisi. Yenyewe si ghali, bali ufundi wake ndio ghali, kwa kuwa giaboksi lazima ishuke. Chungulia chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa na oili, inusu. Ikiwa na harufu ya kiberiti, inatoka giaboksi. Ikiwa nyeusi isiyo na harufu hiyo, yaelekea inatoka injini. Lakini kumbuka kanuni ya mzee, kwanza utazame juu, isije ikawa imeteremka kutoka tapeti kava.

La tano ni kuuliza kwa nini. Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili kwa uangalifu, kigeuze, ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Injini ya dizeli iliyotumika hutoa pumzi kidogo, na kifuniko hutikisika, hilo halitishi. Kikirushwa, na moshi ukafuka mfululizo, jihadhari. Kabla ya kuhukumu, kagua mpira wa kupumulia, ule unaotoka kwenye tapeti kava kwenda njia ya hewa. Ukiwa umeziba kwa uchafu, presha hukosa pa kutokea hata kama ringi ni nzima, na dawa yake ni kuusafisha tu. Ukiwa mzima na pumzi bado ni kali, basi aga, ondoka. Hapo unanunua ovahoo, hununui gari.

Tazama pia upande wa ndani wa kifuniko. Ukiona utando mweupe kama maziwa, yawezekana maji yanaingia kwenye oili. Gari lisilotembea mbali huweza kuwa na utando kidogo kwa unyevu tu, kwa hiyo hakikisha kwa kufungua rejeta, injini ikiwa baridi. Ukikuta mafuta yanaelea mle, usibishane na macho yako.

La sita ni hila za wauzaji. Wapo wauzaji waaminifu, na wengine wao ni wasikilizaji wangu. Lakini wapo wanaoosha injini asubuhi ya siku unayokuja, ili ushahidi uondoke. Wapo wanaojaza oili nzito ya giaboksi ndani ya injini, kwa kuwa oili nzito haivuji upesi na hupunguza moshi. Wapo wanaopaka silikoni kuzunguka sampu kama mtu anayepaka chokaa ukuta wenye ufa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, utazitambuaje hila hizo? Fika mapema, kabla injini haijawashwa. Shika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto uliza kwa nini. Chomoa stiki, tazama oili inavyoning'inia. Ikiwa inavutika kama uji wa ulezi, ina jambo. Na hili nililikosa mwaka 2014: injini ya dizeli huichafua oili upesi sana. Ukikuta dizeli kuukuu ina oili ya rangi ya asali, maana yake imemwagwa na kujazwa upya jana au leo. Kubadilisha oili si kosa, lakini una haki ya kuuliza ile ya zamani ilikuwa na nini.

Sasa turudi kwa dada.

Tulikwenda watatu kuliona lile gari linalong'aa. Nikaomba mambo mawili tu: tuliendeshe mpaka Mikese na kurudi, kisha lilale usiku mmoja juu ya boksi. Dalali akacheka, akasema wateja wako wengi na mafuta ni ghali. Nikamwambia mafuta tunaweka sisi. Akasema mwenye gari hataki. Nikamwambia dada, "Twende." Dada alinuna, ndugu msikilizaji. Njia nzima hakusema nami. Nilijua anawaza kwamba mimi niliyempotezea mdogo wangu kiwanja, sasa ninampotezea na yeye bahati.

Siku nne baadaye tuliambiwa habari ya Hilux moja ya 3L, mali ya mfanyabiashara wa mbao. Ilikuwa chafu. Upande mmoja wa injini ulikuwa mweusi kwa oili na vumbi, na chini ilikuwa inadondosha. Dada aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Hii ndiyo uliyoniachisha ile?"

Lakini mwenye gari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Inavuja. Sijui wapi. Kagueni mnavyotaka."

Tukaosha kwa dizeli na sabuni, tukapaka poda, tukaenda Mikese. Tuliporudi mdogo wangu akavua shati, akalala chini ya gari na tochi. Mimi nilikaa juu, yeye chini, tukawa tunaitana. Mstari wa kwanza ulipanda mpaka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava. Mstari wa pili uliishia kwenye mpira wa pampu nyuma ya altaneta. Kava la mkanda lilikuwa kavu. Chini ya nyumba ya klachi pakavu. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa na moto, nikakigeuza na kukiweka. Kilitikisika kidogo, kikatulia. Usiku gari lililala juu ya boksi, na asubuhi kabla ya jua tukarudi. Boksi lilikuwa na madoa matatu, makubwa kama sarafu. Injini ikawaka kwa mguso mmoja, moshi mdogo, ukapotea.

Nilimwambia dada, "Gari hili linavuja, lakini tunajua wapi na kwa nini. Lile jingine halivuji, na hatujui kwa nini." Tukaorodhesha matengenezo kwenye karatasi: gasketi, mipira miwili, mkanda mpya wa taiming kwa usalama, oili na filta. Tukampa mwenye gari asome. Akakubali kupunguza kiasi hicho, na kidogo cha juu.

Gari limefanya kazi miezi saba sasa. Kila Jumamosi linateremka kutoka Mgeta na kabichi, karoti na njegere. Sisemi halitaharibika, gari ni chuma. Nasema tu kwamba dada alijua anachonunua.

Ndugu msikilizaji, siku ile tulipomaliza kukagua, mdogo wangu alitoka chini ya gari na uso umejaa oili. Alijifuta kwa kitambaa, akasema, "Kaka, safari hii nimeona mwenyewe." Hakuongeza neno, na mimi sikumjibu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo.

Wewe unayetafuta gari, hasa wewe mstaafu ambaye fedha hiyo haitarudi mara ya pili, usione haya kuomba usiku mmoja na kipande cha boksi. Mwenye gari zima hapotezi kitu kwa kukupa. Na usimtume mtu kwa sababu tu anasikika redioni. Mtume fundi, au nenda naye.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia bei ya mahindi kama nilivyoahidi. Kwaherini.